Lorenz na Theluji ya Buluu

Wenzangu wa karakana, mliniomba niwaandikie machache kabla sijasahau mambo yalivyokuwa. Nimestaafu majuzi tu, na tayari binti yangu Rehema analalamika kwamba naikagua sebule yake kama ukuta wa makumbusho. Basi nimekaa mezani kwake hapa Mount Dennis, Toronto, na chai ya tangawizi pembeni, nawaandikia. Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yako ofisini na hayamchekeshi mtu. Nitasimulia habari za kuta na brashi, na habari za Mjerumani aliyenifundisha kazi, maana wengi wenu mmelikuta jina lake kwenye kibao cha mlangoni mkapita zenu.

Rehema anasema nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa sababu hata yeye, aliyelishwa na kazi hiyo, hajawahi kuielewa vizuri. Ni hivi. Makumbusho yetu yana vyumba vya vioo. Ndani wamesimama wanyama waliokaushwa, juu ya udongo na majani ya kweli, na nyuma yao kuna ukuta uliopinda, uliochorwa nchi nzima: milima, maziwa, mawingu, na wanyama wengine walio mbali. Kazi yetu ni kumfanya mtazamaji asijue udongo wa kweli unaishia wapi na rangi inaanzia wapi. Ukiifanya vizuri, hakuna anayejua kwamba ulikuwepo. Kwa mtu anayependa kusifiwa, hii si kazi.

Mimi, Tatu, ni mtoto wa Ilala, Dar es Salaam. Kabla ya kuja Kanada nilikuwa nachora mabango kwenye kibanda cha mjomba wangu: maduka ya dawa, saluni, na vichwa vya wateja wa kinyozi, ambao wote walitoka wakifanana na mjomba. Nilipofika Toronto na baba Rehema, nilipaka rangi nyumba mpya huko Markham, nje kidogo ya jiji, nyumba kubwa ambazo kuta zake zote zilikuwa na rangi ileile ya maziwa yaliyochacha, ila kila kopo lilikuwa na jina lake la kifahari. Siku moja nikasikia kwamba makumbusho yanatafuta mtu asiyeogopa ngazi. Nikaenda.

Aliyenipokea alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye masharubu yaliyochafuka kwa rangi ya kijani upande mmoja. Jina lake Lorenz. Hakuuliza vyeti. Alinipa brashi na kikopo, akanionyesha ukuta mtupu.

"Chora mstari," alisema. "Kutoka huku mpaka kule. Huo ndio mwisho wa nchi, pale inapokutana na mbingu."

Nikavuta pumzi, nikauvuta mstari wangu kwa mkupuo mmoja, kama nilivyozoea kupiga mstari chini ya maneno DUKA LA DAWA. Akainama, akafumba jicho moja, akaufuata mstari ule mpaka mwisho.

"Safi. Sasa niambie kuhusu Serengeti."

"Sijawahi kufika."

"Wewe si Mtanzania?"

"Mtanzania wa Ilala, bwana. Mnyama mkubwa niliyemzoea ni mbuzi wa jirani, na tulikuwa hatuelewani."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema hiyo ni afadhali, sina mabaya ya kusahau. Wiki ileile akanichukua tukapanda basi mpaka bustani ya wanyama, mashariki ya jiji. Hivyo ndivyo mtoto wa Dar es Salaam alivyomwona twiga kwa mara ya kwanza: Toronto, mwezi wa Novemba, nimevaa soksi mbili mbili, nimeongozwa na Mjerumani ambaye naye Afrika hajaikanyaga. Nilitoa macho. Yeye hakumtazama twiga, alinitazama mimi, kisha akafungua chupa yake ya chai na kunipa penseli.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Hakuchora mnyama kutoka kwenye picha. Alikaa mbele ya mnyama aliye hai mpaka mnyama amchoke na kumsahau, na hapo ndipo alipoanza kuchora. "Mnyama anayekuangalia anaigiza," alikuwa akisema. Tulikaa kwenye baridi ile mpaka vidole vyangu vikawa havijui kama vimeshika penseli au hewa. Ninyi mna vioo vya kutazamia video za wanyama, na sina ugomvi navyo, ila nendeni mkakae walau mara moja.

Maisha yake aliyasimulia vipande vipande, tukiwa juu ya jukwaa la kuchorea, hivyo mengine niliyapata bila mpangilio, kama mawingu. Alizaliwa kaskazini mwa Ujerumani, kwenye nchi tambarare yenye mifereji, na baba yake alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alipokuwa mtoto alichora ng'ombe kwa mkaa kwenye ukuta wa zizi. Baba akamshika sikio. Mtoto alidhani anaadhibiwa kwa kuchafua ukuta, kumbe mzee amekasirika kwa sababu miguu ya nyuma imekaa vibaya. Akampeleka nyuma ya ng'ombe, akamsimamisha pale. Hakumwambia kosa liko wapi. Alimwambia tu, "Sema unachoona."

Alipokua alikwenda kusoma uchoraji mjini. Siku zile walimu wake walitaka picha za maumbo ya pembe nne na mistari mitupu, na mtu aliyechora ng'ombe chini ya mti wa mwerebi kando ya mfereji alionekana kama amekuja darasani na ndoo ya maziwa. Lorenz alichora pembe nne zao mchana, na jioni akapanda treni kwenda kuchora ng'ombe. Alimaliza masomo bila rafiki hata mmoja, lakini, kwa maneno yake, akiwa na ng'ombe wengi sana. Kisha akaona mahali picha ya musi, yule kulungu mkubwa wa Kanada mwenye pembe pana kama masinia, anayesimama kwenye matope kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Akampenda palepale. Alikuja huku kumtafuta, akamkuta, na hakurudi tena.

Kwangu alianza kwa kunipa majani. Nilichora majani kwa muda ambao sitaki hata kuukumbuka. Nilizoea kuandika herufi, kwa hiyo kila jani langu lilisimama wima, safi, la urefu mmoja, kama limekaguliwa na polisi. Nilijiona fundi. Ijumaa mchana Lorenz akaketi kwenye benchi mbele ya kioo, mahali watakaposimama wageni, akautazama ukuta wangu.

"Naona zulia," akasema. "Naona zulia zuri. Naona pundamilia wanaogopa kulichafua."

Hiyo ndiyo desturi ya karakana yetu, na naomba msiiue. Kila Ijumaa asiyechora anakaa kwenye benchi, na anasema anachoona. Haruhusiwi kutaja kosa, wala kusema ongeza hiki au punguza kile. Na mchoraji haruhusiwi kujibu. Anasikiliza, anameza, anarudi kazini Jumatatu. Lorenz aliirithi kwa baba yake na ng'ombe wake. Mwanzoni niliona ni ukatili. Baadaye nikagundua kwamba kosa ulilooneshwa unalirekebisha mara moja, lakini kosa ulilolitafuta mwenyewe hulirudii.

Miaka ikapita hivyo, mingi na mizuri. Nilihama kwenye majani nikaenda kwenye mawe, kutoka mawe nikaenda kwenye maji, na mwishowe nikaruhusiwa kugusa mbingu. Nikaacha kumwita bwana nikamwita Mzee. Alipojua maana yake alitaka kukataa, kisha akajitazama kwenye kioo akaona linamfaa. Alinifundisha kwamba theluji si nyeupe. Kwenye mwanga ina manjano kidogo, hata rangi ya waridi, na buluu inakaa kwenye kivuli tu. Alinifundisha pia kwamba kila kitu kilicho mbali huelekea kuwa buluu. Kwa hiyo ukitaka kilima kirudi nyuma, kitie buluu, na ukitaka ardhi ije miguuni mwa mtu, iondoe. Shikeni hayo mawili, maana ndiyo yaliyotaka kututoa roho.

Ukuta wa mwisho wa Lorenz ulikuwa wa musi. Baada ya kuchora wanyama wa dunia nzima, walimpa hatimaye kile alichovukia bahari: ziwa lililoganda kandokando, misonobari, asubuhi ya theluji, na musi dume wa kweli, aliyekaushwa kwa ustadi, amesimama mbele. Aliniambia wazi kwamba akiumaliza huo anastaafu, na kwamba anataka kuondoka akiwa ameuacha huo nyuma yake. Nilimfurahia kama vile ni harusi yake.

Kisha theluji ikaanza kubadilika. Mwanzoni nilidhani ni taa. Wiki baada ya wiki aliongeza buluu, kwenye kivuli, kisha kwenye mwanga, kisha mpaka chini ya kwato za musi, mpaka theluji yote ikawa kama maji ya kusuuzia mashati ya shule mtu akizidisha buluu ya kufulia. Na kwa kuwa buluu hurudisha kitu nyuma, ardhi ilikimbia. Musi yule mzito, wa ngozi na mifupa, akabaki anaelea hewani kama puto.

Ijumaa ya kwanza niliketi kwenye benchi nikasema naona misonobari mizuri, na kweli ilikuwa mizuri. Ijumaa ya pili nikasema naona pembe. Lorenz alinitazama kidogo, akaanza kukusanya rangi zake. Nyumbani nilimweleza Rehema, ambaye wakati huo alikuwa chuoni na alikuwa na jawabu la kila kitu.

"Mom, just tell him."

"Nimwambie nini? Kwamba mchoraji haoni rangi?"

"If it was you, ungetaka kuambiwa?"

Mtoto akichanganya Kiswahili chake kidogo na ukweli, hana huruma.

Ndipo akaja Claire, mkuu wa idara yetu. Claire hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na tarehe. Wanafunzi wa shule walikwisha kualikwa kuuona ukumbi mpya. Alisimama mbele ya kioo kwa muda, akaninong'oneza kwamba ukuta usipokaa sawa mapema, atalazimika kuufunika kwa picha kubwa iliyochapishwa kwa mashine. Sampuli alikuwa nayo kwapani, imeviringishwa. Basi nikaelewa. Nikinyamaza, kazi ya maisha ya Lorenz itafunikwa kama meza ya sherehe. Nikisema, huenda asishike brashi tena. Nililia chooni, siwafichi, kisha nikanawa uso.

Ijumaa iliyofuata nilipiga moyo konde, nikakaa kwenye benchi.

"Naona theluji ya buluu," nikasema. "Naona buluu mpaka chini ya miguu yake. Naona musi anaelea."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Lorenz alivunja desturi yake akajibu.

"Ni nyeupe."

Nikaendelea kuutazama ukuta.

"Tatu, ni nyeupe! Nimechora theluji kabla hujazaliwa!"

Akavaa koti akaondoka, na mlango akaubamiza hivi kwamba bundi aliyekaushwa, wa juu ya kabati, akaanguka. Jumatatu hakuja. Jumanne alikuja, hajanyoa, na mkononi ana shati ambalo alisema amelivaa muda wote huu akidhani ni la kahawia. Jirani yake amemwambia ni la kijani. Alilitandaza mezani, tukalitazama wote wawili. Lilikuwa kijani kama chura.

"Tangu lini unaona hivyo?" aliniuliza taratibu.

"Tangu theluji ya nje ilipoyeyuka, Mzee."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa utaacha kazi. Sikutaka uache."

Alikaa, akafuta miwani yake kwa shati lilelile. "Mimi pia niliogopa," akasema. "Nilikuwa nasoma majina kwenye mirija ya rangi. Buluu imeandikwa buluu. Naongeza mpaka ifanane na theluji ninayoikumbuka."

Kulikuwa na daktari wa macho niliyefahamiana naye kwenye harusi, Daktari Shirin, Mwismailia mzaliwa wa Mwanza, ambaye Kiswahili chake kilibaki vilevile kama kilivyopanda ndege. Nilimpigia, tukaenda. Alimweka Lorenz kwenye kile kiti cha mashine, akamulika, akaguna.

"Mama Rehema, huyu mzee ana mtoto wa jicho, both eyes, tena amekomaa. Ni kama anatazama dunia kupitia glasi ya chai. Kwa nini hukumleta mapema?"

"Mbishi, daktari."

"Wote wabishi. Marehemu baba yangu alikuwa anasalimia koti ukutani."

"Nasikia mnanisema," Lorenz akasema, kidevu kikiwa bado kwenye mashine.

"Tunakusifu, baba," Daktari akamjibu kwa Kiingereza. "Ni kitu kinachotibika. Tutafanya la kulia kwanza, kuna mgonjwa ameahirisha, nafasi ipo. La kushoto litafuata baadaye."

Nje, kwenye kituo cha basi, Lorenz aliuliza mara tatu kama kweli amesema kinachotibika. Mara ya tatu akanishika mkono akaanza kuimba kwa Kijerumani, na watu kituoni wakasogea.

Lakini tarehe ya Claire haikungoja jicho. Basi tukagawana kazi. Nilipanda jukwaani mimi, nikaifuta theluji ile kuanzia chini, nikaanza upya. Lorenz alikaa kwenye benchi, na baada ya upasuaji alikaa na kikinga cha plastiki kwenye jicho kama haramia mstaafu, akiniongoza kwa mambo ya umbo, ambayo kwayo macho yake hayakuwahi kumwangusha. Kivuli cha goti kiende kulia. Ukingo ule ulainishe, theluji haina kona. Kuhusu rangi hakusema neno. Niliipunguza buluu tabaka kwa tabaka, nikaweka manjano ya asubuhi, na kwenye kivuli cha musi nikathubutu kutia zambarau kidogo, kwa sababu ndivyo nilivyoona vivuli vya asubuhi nikitembea kwenda kupanda basi. Kidogo kidogo ardhi ikarudi, na kwato zikagusa chini. Nilipoona zimegusa nilipiga kigelegele peke yangu, mlinzi akaja mbio.

Mbingu sikuigusa. Ilikuwa ya mkono wake, na mbingu ikizidi buluu hailalamikiwi sana.

Zikiwa zimebaki siku mbili ukumbi ufunguliwe, Daktari alimwondolea kikinga na kumpa miwani mipya. Alikuja karakana mbio. Hakuuangalia ukuta kwanza. Aliangalia kitenge changu, akaangalia sinki, akaangalia maziwa kwenye chai yake, akitaja rangi kwa sauti kama mtoto anayesoma mabango barabarani. Tulicheka wote. Kisha akageuka, akausogelea ukuta, na kicheko kikaisha. Alikiangalia kivuli cha zambarau, akaitikia kwa kichwa taratibu, na nikaona ameridhika. Halafu akainua uso.

"Mbingu hii ni ya kadi ya posta."

"Mzee, ni nzuri."

"Ni uongo mtupu. Nani aliyechora hii mbingu?"

"Wewe."

Akachanganya rangi. Daktari alikuwa amemkataza ngazi, nikamkumbusha, akapanda. Nilibaki chini nimeshika jukwaa kwa mikono miwili. Nilijua mbingu ya ukubwa ule haichoreki kwa siku mbili, na nilijua Claire ana picha yake imeviringishwa. Lakini zaidi ya hayo, nilijua mtu huyu amesubiri musi huyu maisha yake yote, na anaweza kumpoteza kwa mkono wake mwenyewe, kwa furaha ya kuona. Alinyoosha brashi mpaka ikakaribia kugusa wingu. Ikabaki pale. Alifumba jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto. Akafumba la kushoto, akatazama kwa la kulia. Akarudia tena.

"Tatu," akasema bila kugeuka. "Kwa jicho hili kila kitu ni kosa. Kwa lile lingine kila kitu ni sawa. Mimi sijui tena. Wewe unasemaje?"

Alikuwa hajawahi kuniuliza hivyo, wala sikumsikia akimuuliza mtu yeyote. Niliutazama ukuta wote, kutoka theluji mpaka juu. Ile mbingu ilikuwa na buluu kupita kiasi. Ilikuwa pia mbingu ya mtu aliyemwona musi wake akiwa na furaha kupita kiasi, na juu ya theluji mpya ilikaa kama asubuhi ya sikukuu.

"Imekwisha, Mzee. Shuka."

Akaishusha brashi, akaanza kuteremka, ngazi moja moja, na kwenye ile ya mwisho akashika bega langu. Akaenda kwenye sinki. Kuosha brashi kulikuwa kazi yangu tangu siku niliyoajiriwa, na hata nilipoanza kuchora mbingu hakuna aliyewahi kunivua kazi hiyo. Alifungua maji ya moto, akaosha brashi aliyokuwa ameshika, ambayo haikuwa imegusa kitu. Kisha akakusanya zangu zote, akakunja mikono ya sweta, akaziosha moja baada ya nyingine mpaka maji yakatoka meupe.